Wigi Lilipokimbilia Gwata

Kabla garimoshi halijapita nchi yetu, mwali wa Kizaramo na wa Kikwere alikuwa tayari akifundishwa kutunza nywele zisizoota kichwani mwake. Akishavunja ungo aliwekwa ndani, na somo wake akamkabidhi mwana hiti: mtoto wa mti, au wa kibuyu kwa familia isiyomudu mchongaji, mwenye kiwiliwili kisicho na mikono, vititi vidogo, kitovu, na utosini mashungi mawili yaliyosimama. Wana hiti wengine walibandikwa juu ya mashungi hayo nywele za kweli za binadamu. Mwali alimwogesha, akampaka mafuta, akamvika shanga. Aliyemwangusha au kumtelekeza alitishwa kwamba uzazi wake utakuwa wa taabu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa kungwi hapa Gwata ya Kibaha, na mama aliolewa akitokea Gwata ya Kisarawe, kwa hiyo habari hizi nimelelewa nazo pande zote mbili. Mimi ni msusi. Siku hizi magoti yamekataa kukaa kitako mchana kutwa, na kinachonipa ugali ni kufua, kunyoosha na kushona upya mawigi ya watu. Wateja huniletea kutoka Magindu, Kwala, hadi Mlandizi, wakiwa wameyafunga kwenye mitandio kama mtu anayeficha jambo. Na wapo wanaopita uani kwangu kunihubiria: wigi ni ugeni, wanawake wa zamani hawakuyajua mambo haya. Mimi huwajibu kwamba wanawake wa zamani waliyajua mengi, ila hakuna aliyewauliza.

Bibi alikuwa na makatazo matatu juu ya mwana hiti. Usimweke karibu na moto. Usimwanike juani, mti utapasuka. Usizivute nywele zake, maana haziwezi kukuambia kwamba zinaumia. Hilo la tatu alilisema akicheka, lakini ndilo alilolisimamia kuliko yote. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960, alichapisha kitabu kinene juu ya mila hizi mwaka 1970, na leo wana hiti wamekaa ndani ya vioo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wageni huwatazama kama sanaa. Kwa bibi walikuwa darasa.

Darasa hilo lilianza kupungua wanafunzi mapema. Wamisionari wa Kilutheri walipojenga Kisarawe na Maneromango mwishoni mwa karne ya 19, hawakupenda msichana afungiwe ndani na kuchezewa ngoma. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ikakata katikati ya nchi yetu na kuwafungulia vijana njia ya kwenda mjini. Baadaye zikaja shule za serikali. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, mwali hakuweza tena kukaa ndani miezi na miezi, kwa kuwa mwalimu alimtaka darasani. Tena alimtaka akiwa na nywele fupi. Hilo watu hulisahau. Msichana wa Gwata wa umri wangu alimaliza darasa la saba hajawahi kuwa na nywele za kutosha kushikwa na chanuo. Akitaka kwenda harusini siku ya pili yake, atafanya nini?

Wakati huo jibu lilikuwa limekwisha kupatikana Japani. Mwaka 1957 kampuni ya Kaneka ilianza kuuza uzi wa Kanekalon, aina ya plastiki iitwayo modakriliki, laini na isiyoshika moto upesi. Miaka ya 1960 viwanda vya Korea Kusini na Hong Kong vikashona mawigi kwa mamilioni, vikitumia nywele za watu na baadaye nyuzi hizi za plastiki. Wasichana wa vijijini ndio walioketi kwenye mashine zile. Mwaka 1979 wafanyakazi wa kike wa kiwanda cha mawigi cha YH mjini Seoul waligoma kupinga kufungwa kwake, polisi wakawavamia, mmoja wao akafa, na vurugu zilizofuata ziliutikisa utawala wa Park Chung-hee hadi mwisho wake. Wigi limepita mikononi mwa wanawake wenye shida zao kabla halijafika kichwani kwa mwanamke mwenye shida zake.

Shangazi yangu alilipata la kwake Dar es Salaam, alikokuwa yaya kwenye nyumba ya familia ya kigeni Oysterbay. Mama mwenye nyumba alipokuwa akiondoka nchini alimwachia vyombo, mapazia, na wigi jeusi la mawimbi lililofika mabegani. Shangazi alilivaa kwenda dansini na kwenda Kariakoo sokoni. Hakulivaa muda mrefu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 Dar es Salaam isione tena minisketi, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi, suruali za kubana wala kaptura fupi za kupita kiasi. Hata tarehe haijafika, vijana walikwisha kuwavamia wanawake Kariakoo, wakiwashusha kwenye mabasi kwa sababu ya gauni la kubana au wigi, mpaka polisi wakaitwa. Magazeti yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Waliounga mkono walisema wanalinda utamaduni wa Mwafrika.

Shangazi alisimulia kwamba hakuogopa hoja, aliogopa mikono. Alilivua wigi, akalikunja ndani ya mkebe wa biskuti, akapanda garimoshi, akashuka Ruvu na kurudi nyumbani. Hivyo ndivyo wigi la kwanza ninalolijua lilivyoingia Gwata: kwa kukimbia vijana waliodai kwamba halikuwa la kwetu, likaja kuhifadhiwa na kungwi.

Maana bibi hakulikataa. Alilitia mkono ndani, akalizungusha kwenye ngumi yake, akauliza linakula nini. Shangazi akamwambia halili, linaoshwa tu. Bibi akatafuta kibuyu cha mviringo, akakikata shingo, akalivika wigi juu yake na kukiweka kwenye dari ya chumba chake, mbali na jiko. Tangu siku hiyo lilipewa makatazo yale yale matatu. Moto, jua, kuvuta.

Lilikaa miaka mingi. Maharusi walikuja kuliazima, wengine kutoka upande wa Kisarawe, na ada yake ilikuwa mayai, mkungu wa ndizi, au kipande cha kanga. Lilirudi na vumbi, jasho na moshi wa ngoma ya usiku kucha, na kulifua ilikuwa kazi yangu nilipopata akili. Miaka ya vita vya Kagera na baada yake sabuni iliadimika. Watu walipanga foleni duka la ushirika na kurudi mikono mitupu, na mwaka 1983, wakati serikali ikiwasaka walanguzi, hata aliyekuwa na kipande alikificha. Tulifulia majani ya mpapai. Unayaponda, unayakamua kwenye maji, unachuja, unalizamisha wigi na kuliacha kidogo, kisha unaligeuza. Nguo ziliwaka kwa majani yale. Wigi nalo lilitakata, ingawa lilibaki na harufu ya shamba.

Wakati sisi tunahangaika na mpapai, vita dhidi ya wigi vilikuwa vimevuka mipaka. Uganda, Idi Amin aliyapiga mawigi marufuku mwaka 1974, akidai yametengenezwa kwa nywele za waliokufa vita vya Vietnam. Na kabla yake mshairi Okot p'Bitek alikuwa amemtungia mhusika wake Lawino malalamiko makali dhidi ya mwanamke wa kisasa na wigi lake. Paul Sozigwa aliutafsiri utenzi ule kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino, ukafika hata kwa sisi tuliosoma kidogo. Nilimpenda Lawino kwa ukali wake. Lakini niliona kwamba aliyemtungia ni mwanamume, Amin ni mwanamume, na wakuu wa Operesheni Vijana walikuwa wanaume, na kati yao wote hakuna aliyewahi kulitia wigi kwenye beseni.

Milango ilifunguliwa kidogo kidogo. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu na sera zilizompa jina la Mzee Ruksa. Zikaja kalikiti, zikaja dawa za kulainisha nywele, na miaka ya 1990 zikaja rasta. Nairobi kulikuwa na Style Industries na chapa yao ya Darling, ambayo kampuni ya Godrej ya India iliichukua kuanzia mwaka 2011. Mtaa wa Kongo pale Kariakoo uliwahi kuwa hatari kwa mwanamke mwenye wigi, na sasa umening'inizwa mawigi mlango hadi mlango.

Rasta ndiyo iliyonifundisha somo ambalo bibi hakuweza kunifundisha. Kila msusi anajua: ukimaliza kusuka, unachovya ncha kwenye maji ya moto, zinatulia, hazifumuki tena. Nilifanya hivyo miaka mingi bila kujiuliza kwa nini. Sababu ni kwamba uzi huu ni plastiki iliyokamuliwa kupitia vitundu vidogo, na mawimbi yake yamepigwa chapa kwa joto kiwandani. Nywele ya mtu ikilowa hubadilika, ikikauka hurudi ilivyokuwa. Uzi wa plastiki hukumbuka joto la mwisho lililoupata. Kwa hiyo maji ya moto yanayotuliza ncha za rasta ndiyo hayo hayo yanayoyafuta mawimbi ya wigi, na mvuke wa sufuria ya wali unatosha kuzisokota nywele za mbele zikawa kama katani. Bibi alisema usimweke karibu na moto. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Ila kuhusu mafuta hakuwa sahihi, na sikumlaumu, kwa kuwa plastiki haikuwahi kuwa mikononi mwa bibi yake. Mwana hiti alipakwa mafuta, kichwa cha mtu hupakwa nazi au nyonyo, basi nasi tulilipaka wigi. Nywele ya mtu hunywa mafuta. Plastiki hainywi. Mafuta hubaki juu, yanakamata vumbi la barabara, na baada ya wiki wigi linanata na kukunjamana shingoni. Wateja wangu wengi wanaokuja na wigi lililokufa wameliua kwa mapenzi, chupa nzima ya mafuta ya nazi.

Hivi ndivyo ninavyolifua. Kwanza nalichana likiwa kavu, kwa chanuo la meno mapana, nikianzia nchani na kupanda taratibu hadi kwenye neti. Anayeanzia juu anashusha mafundo yote na kuyafunga mahali pamoja. Kisha natia kifuniko kimoja cha shampuu kwenye beseni la maji ya baridi. Sabuni ya unga ni kali mno, huondoa mng'ao na kuacha unga mweupe kwenye mishono. Nalizamisha, nalisukuma juu na chini kama mtu anayechovya maandazi, silifikichi. Maji ya visima vya huku yana chumvi na hayatoi povu, kwa hiyo suuza ya mwisho nafanya kwa maji ya mvua niliyokinga batini. Yakikosekana, nanunua ndoo moja ya maji ya bomba na kuihesabu kwenye bei. Katika suuza hiyo natia tone la dawa ya kulainishia nguo. Inapunguza ule mvutano wa umeme unaozifanya nyuzi zirukie mashavuni wakati wa kiangazi.

Silikamui. Nalikunja ndani ya kanga kuukuu iliyokwisha kulainika, nalibonyeza, nalikung'uta mara moja, na kulivika kwenye kibuyu kivulini hadi likauke lenyewe. Wanaokosa kibuyu hutumia sado iliyopinduliwa, nayo inafaa, ila ifunikwe kwa kitambaa ili neti isishike umbo la kingo. La mawimbi silichani likiwa bichi, napanga kwa vidole. Likikauka ndipo nakagua neti, kwa kuwa wigi haliharibiki utosini, linaharibikia shingoni, pale linaposuguana na kola na jasho. Nyuzi za pale zikishasokotana, nazifumua chache chache, nazinyoosha kwa mvuke wa birika nikiwa nimelishika mbali, kisha nazibana hadi zipoe. Joto lile lile linaloua, likipimwa, hutibu. Zikishindikana, nazikata na kushona kipande kutoka wigi jingine lililochakaa. Kuna mawigi uani kwangu yenye nywele za mawigi matatu.

Siku hizi yapo mawigi ya poliesta inayovumilia pasi ya nywele, na maandishi ya boksi huonyesha kiwango cha joto. Namshauri mteja asiyaamini maboksi moja kwa moja. Ajaribu kwanza kwa uzi mmoja wa ndani, nyuma ya sikio, na kama unajikunja, aiweke pasi chini.

Kuazimana nako kumebadilika. Zamani hatukufikiri juu ya mashilingi na mba, na maharusi wawili wa wiki mbili mfululizo walivaa wigi moja. Leo silitoi wigi kwa mtu wa pili kabla sijaliosha, na kila mmoja huja na kofia yake ya soksi ya kuvaa ndani.

Kwa nini wigi, si rasta wala nywele za kushonea? Hapa Gwata sababu moja hutaisikia saluni za Sinza. Wengi wetu ni Waislamu. Walimu wa madrasa hutukumbusha hadithi inayokataza kuunganisha nywele, na kwa hilo kila mtu anajibu kwa Mola wake. Lakini hata anayeamua kuvaa anataka kuswali, na kwenye udhu kichwa hupanguswa. Nywele za kushonea hukaa mwezi. Wigi unalivua adhana ikilia, unalitundika, unapangusa kichwa chako mwenyewe, unaswali. Na ukipata msiba unaliacha nyumbani, unasuka mtindo wa twende kilioni, unajifunga kanga na kwenda kukaa na wenzako. Wanawake wa hapa hawakulipokea wigi lote kwa jumla. Walichagua lile linaloondoka kichwani wakitaka.

Serikali nayo imerudi kwenye wigi, safari hii kwa kalamu. Juni 2019 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Mjini watu walipiga kelele. Kwangu kazi iliongezeka. Aliyekuwa akitupa wigi kila baada ya miezi mitatu sasa alitaka limfikishe Idi nyingine, na wasichana waliokuwa wakinicheka na kibuyu changu walianza kuuliza vibuyu vinapandwa mwezi gani.

Ninachobishana na wahubiri wa uani kwangu ni hiki. Mwaka 1968 wigi lilihukumiwa kwa mahali lilikotoka, na wanaolihukumu leo wanafanya vile vile. Sisi tuliolifua tuliliuliza linataka nini ili lidumu, na majibu mengi tulikuwa nayo kutoka kwa mwana hiti. Yaliyopungua tukajifunza kwa maji ya moto na chupa za mafuta zilizopotea bure. Uzi ni wa Japani, mshono wa Korea au China, ujuzi wa kuutunza ni wa huku. Kitu kikishakaa nyumbani kwa mtu kwa miaka, kikaazimwa, kikarekebishwa na kurithishwa, sioni kwa nini kiendelee kuitwa mgeni.

Wasichana wawili wa hapa wanakuja kwangu jioni kujifunza. Nawaanzisha na makatazo matatu kabla hawajagusa shampuu, na wa pili wao, mkorofi kidogo, aliniuliza bibi alikuwa akilipwa nini kwa kufundisha. Nikamwambia: kuku na doti ya kanga. Mimi napokea hata kwa simu.